Kidonda cha Uso na Uzi wa Hariri: Kutoka Utando wa Buibui hadi Ngozi ya Maabara

Katika vitabu hivi vyetu vidogo tumezoea kuandika juu ya ndoa, mazishi, bwami, majina ya koo na mambo ya ziwa. Safari hii tumechukua jambo ambalo wazee walilishika kwa mikono kila siku lakini hawakulifanyia sherehe: kufunga kidonda, na hasa kidonda cha uso. Dawa ya kale ya utando wa buibui, ambayo wengi wetu tuliicheka tulipoanza kusoma, ina ndugu yake katika maabara za leo, na ndugu huyo ni hariri. Lakini hatuandiki juu ya hariri kwa kuwa ni kitu cha ajabu. Tunaandika kwa sababu hapa Fizi na Baraka kovu la usoni limekuwa mzigo ambao mtu anaubeba maisha yake yote.

Kidonda cha mguu mtu anakificha kwa suruali, cha mgongo kwa shati. Cha uso hakifichiki. Tangu vita ya 1996, na ile ya 1998 iliyofuata, watu kwetu wamejifunza kusoma makovu kama wanavyosoma kitambulisho. Kijana akifika kwenye baryeri na alama shavuni, swali linamngojea: «Weye ulipiganaka wapi?» Pengine alianguka kwenye moto, yaani pikipiki, barabara ya Fizi. Pengine taa ya petroli ilimlipukia wakati wa kuvua ndagala. Pengine kweli alikatwa na panga, lakini alikuwa mtoto wa miaka sita akikimbia na mama yake. Wote wanaulizwa swali moja. Na sisi walimu tunaona upande mwingine: mtoto aliyeungua uso anachagua kiti cha nyuma, na hata ukimwita ubaoni anasimama ubavu-ubavu, ili darasa lione upande mmoja tu.

Sasa turudi kwa wazee.

Katika nyumba za udongo zilizojaa moshi, buibui wa ukutani hutengeneza kitu cheupe, bapa, kama kipande cha karatasi laini, ili kufunika mayai yake. Wengi wetu tuliokua vijijini tunakikumbuka. Mtoto akijikata kidogo kwa kisu au kwa jani la nyasi kali, mama alibandua kile cheupe ukutani na kukibandika juu ya mkato. Damu ilisimama, kile cheupe kikashika, na baada ya siku kadhaa kilidondoka chenyewe. Kwa mkato mkubwa zaidi walikusanya utando wenyewe wa pembeni mwa nyumba, wakaufinyanga na kuukandamiza kwa kidole. Kidonda kikubwa kabisa hawakukifanyia hivyo. Hapo mganga aliitwa, na majani, na kamba ya gome la mti.

Haya hayakuwa ya kwetu peke yetu. Wagiriki na Warumi wa kale waliweka utando wa buibui kwenye vidonda. Hata Shakespeare, Mwingereza wa karne ya 16, katika tamthilia yake ya usiku wa kiangazi, alimweka mtu mmoja mchekeshaji anayemwambia kiumbe mwenye jina la Utando wa Buibui kwamba siku akijikata kidole atamtumia. Watazamaji wa London walicheka kwa sababu nyumbani kwao walifanya vivyo hivyo.

Je, ilisaidia? Kwa upande mmoja, ndiyo. Damu ikitoka inatafuta kitu cha kushikilia ili igande, na nyuzi nyembamba zilizosongamana zinafanya kazi kama wavu: chembe za damu zinanasa ndani yake jinsi ndagala wanavyonasa. Utando pia unafunika mkato, upepo na inzi wasiuguse. Lakini kuna wanaoongeza kwamba utando wenyewe unaua vijidudu, na hapo inafaa tuwe wakweli. Mwaka 2021 watafiti wa Denmark walichapisha kazi ambayo ndani yake walipima nyuzi za buibui wa aina kadhaa, na hawakuona ushahidi wowote kwamba zinaua bakteria. Tena utando wa ukutani una vumbi, na katika vumbi la nyumba ya udongo, penye mbuzi na kuku, mnaweza kuwa na mbegu ya pepopunda. Watoto wangapi walikufa kwa pepopunda, na watu wakasema wamerogwa? Hakuna aliyehesabu.

Wazee walikuwa na ufundi wa pili, ulio kinyume cha huo wa kwanza. Ni ule wa chanjo na chale. Mtu alipochanjwa, majivu au masizi yalisuguliwa ndani ya mkato makusudi. Kwa nini? Kwa sababu walijua kwamba kidonda kikichokozwa kinapona kwa kuvimba, na kovu linanyanyuka na kubaki. Alama waliyoitaka ibaki, waliisumbua. Ile wasiyoitaka, waliifunika upesi na kuiacha itulie. Tunaomba msomaji asimame kidogo hapa, maana ndani ya desturi hizi mbili tayari kuna somo lote ambalo daktari wa ngozi anafundishwa leo: kovu baya linatokana na kidonda kilichosumbuliwa, kilichoingia uchafu, au kilichochelewa kufungwa. Na ngozi yetu nyeusi ni nyepesi kunyanyua kovu kubwa kupita mkato wenyewe, hasa kwenye masikio, taya na kifua. Wanaliita keloidi. Wazee hawakuwa na jina la Kigiriki, lakini waliijua vizuri kiasi cha kuitumia kama pambo.

Na hariri? Hariri ilitufikia kwa njia ya maji. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na soko lao Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliona nguo za kila namna: merikani nyeupe, kaniki nyeusi, na zile za wakubwa, nguo za Maskati zilizochanganywa pamba na hariri. Nguo hizo zilivuka ziwa kwa mitumbwi, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu na, tusifiche, kwa watu. Jina lenyewe, hariri, ni la Kiarabu. Kwetu basi hariri iliingia kama fahari ya wakubwa na kama bei ya mtumwa. Mtu aliyeona subaya ya sultani hakuweza kufikiri kwamba uzi ule ungeweza kushona shavu la mtu.

Lakini kwingine walishafikiri. Galen, mganga Mgiriki aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2, alishauri kufunga mishipa ya damu kwa uzi wa hariri, mahali hariri inapopatikana. Wakati huo ilitoka Uchina, kwa njia ya miezi mingi. Karne nyingi zikapita. Mwishoni mwa karne ya 19, Theodor Kocher, daktari mpasuaji wa Bern, Uswisi, alichoka kuona vidonda vikioza kwa nyuzi za utumbo wa kondoo, akazikataa na kushika hariri iliyochemshwa. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobeli, kwa kazi yake juu ya tezi ya shingo. Kule Marekani, William Halsted wa Baltimore alisifu hariri nyembamba katika andiko la mwaka 1913, akifundisha kwamba mwili usivutwe, usibanwe, ushonwe taratibu. Kwa nusu ya kwanza ya karne ya 20, katika hospitali nyingi za dunia, kushona mtu kulikuwa ni kumshona kwa hariri.

Kwenye ziwa letu dawa ya Kizungu ilikuja pamoja na misheni. Mapadre Weupe walifungua kituo cha Kibanga, upande wa Ubwari, mwaka 1883. Kule Karema, upande wa Tanzania ya leo, alifika mwishoni mwa miaka ya 1880 mtu ambaye vijana wetu wangepaswa kumjua kuliko wanavyowajua wachezaji wa mpira: Adrien Atiman. Alizaliwa katika nchi inayoitwa leo Mali, akaibwa na kuuzwa utumwani, akakombolewa na mapadre huko Aljeria, akapelekwa Malta kusoma utabibu. Alitibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtumwa wa zamani, Mwafrika, tabibu kwenye Tanganyika, wakati ambapo misafara ya watumwa ilikuwa bado inavuka maji.

Turuke sasa mpaka 1965, maana mwaka huo Fizi ilikutana na dawa za aina mbili fasi moja. Wapiganaji wa uasi wa Mulele na Simba waliamini dawa ya mganga wa vita: ukinyunyiziwa na kushika miiko, risasi inageuka maji. Tarehe 24 Aprili 1965 Wakuba wa kwanza walitua Kibamba, kwenye ufuko wetu, wakitokea Kigoma. Walipewa majina ya hesabu ya Kiswahili. Aliyeitwa Tatu alikuwa Ernesto Che Guevara, ambaye kwa masomo yake alikuwa daktari. Aliyeitwa Kumi alikuwa daktari pia, Rafael Zerquera, naye alibaki Kibamba akitibu wapiganaji na wanavijiji. Che aliandika baadaye kwamba dawa ile ya vita ilimsumbua akili, kwa sababu aliyepigwa risasi alisemwa amevunja mwiko, na aliye hai hakuweza kubishana na maiti. Novemba mwaka huohuo waliondoka. Sisi tunaangalia jambo moja tu katika hadithi hii ndefu: dawa ya kuzuia kidonda ilikuwa na heshima kubwa, na kazi ya kukifunga, ambayo ni ya subira na maji safi, haikuimbwa na mtu.

Baadaye, miaka ya maki ya Hewa Bora, watu wa mlimani waliishi mbali na hopitali za serikali. Wanasimulia kwamba palipokosekana uzi wa hopitali, uzi wa nyavu ulichemshwa na kutumika. Hatuwezi kusema ni mara ngapi. Lakini nailoni ya nyavu na nailoni ya daktari ni jamaa wa karibu, tofauti kubwa ni usafi.

Halafu zikaja zile vita ambazo kila nyumba inazijua. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, kule Uvira, ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Daktari mkuu wake alikuwa Denis Mukwege, ambaye baadaye alianzisha Panzi huko Bukavu na kupata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018. Kuelekea mwaka mpya wa 1999 palikuwa na mauaji ya Makobola. Wengine wengi walivuka kwenda Kigoma na kukaa kambini miaka mingi. Waliobaki walitibiwa na aliyekuwapo. Mwaka 2003 MSF walifika Baraka, na watu waliokuwa na vidonda vya zamani, vilivyofungwa ovyo au visivyofungwa kabisa, walijitokeza wakati kwa daktari wa kushona ulikuwa umekwisha kupita. Kidonda cha uso kikipona vibaya, kukirudia ni kazi nyingine kubwa, ya kisu na ya fedha.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Uso una damu nyingi kuliko sehemu nyingine za ngozi. Kwa sababu hiyo unatoa damu kwa kutisha, lakini kwa sababu hiyohiyo unapona haraka, na mkato msafi wa usoni mara nyingi unaweza kushonwa hata baada ya siku nzima, wakati ule wa mguu saa chache tu zinatosha kuuharibu. Kwa hiyo mtu asiseme, «Tumeshachelewa, tubaki tu.» Kutoka mlimani mpaka sante ni mwendo wa saa nyingi, lakini kwa uso bado inafaa kutembea.

Lakini mbona madaktari wa leo hawashoni tena uso kwa hariri? Ndiyo, wengi wameiacha. Uzi wa hariri umesokotwa kwa nyuzi nyingi ndogo, na kati ya nyuzi hizo majimaji yanapanda kama petroli inavyopanda kwenye utambi wa taa. Vijidudu vinapanda pamoja nayo. Pia mwili unauona uzi ule kama mgeni, unaukasirikia, na alama za mishono zinabaki kama reli ya treni. Nailoni, iliyopatikana mwishoni mwa miaka ya 1930, ni uzi mmoja laini usiokuwa na utambi. Usoni wanatumia ule mwembamba sana, na kuutoa baada ya siku kama 5. Na hapo ndipo penye shida yetu. Mama wa Ngandja au wa Lulenge anashonewa mtoto, anaambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu njia imefungwa, au hela ya moto haipo, au kuna risasi. Anarudi baada ya wiki 3. Uzi umekwisha kuchora ngazi shavuni, na hakuna muuguzi wa kulaumiwa.

Hariri basi ilitoka mlangoni ikaingia dirishani, kwa sura nyingine. Ili tuielewe, tufanye somo dogo la sayansi, mtuvumilie.

Uzi wa kiwavi wa hariri una vitu viwili. Ndani kuna uzi wenyewe, protini inayoitwa fibroini, ambayo ni robo tatu hivi ya uzito. Nje kuna gundi, serisini, inayoshikamanisha kifukofuko. Madaktari wa zamani waliona mwili ukiwashwa na hariri, na kumbe sehemu kubwa ya lawama ilikuwa kwa mabaki ya gundi pale ilipobaki pamoja na uzi. Leo maabarani wanachemsha vifukofuko kwa magadi ya soda karibu nusu saa, gundi inatoka. Uzi uliobaki unayeyushwa katika chumvi kali, chumvi inaoshwa kwa maji mara nyingi mpaka yabaki maji ya hariri tupu. Ukiyamwaga kwenye sahani na kuyaacha yakauke, unapata utando mwembamba, unaoangaza, kama karatasi ya plastiki. Ukiyagandisha kwa baridi na kuyakausha, unapata sponji. Chuo Kikuu cha Tufts, huko Marekani, ndani ya maabara ya David Kaplan, ni mojawapo ya mahali palipoandika njia hizi hatua kwa hatua ili wengine wazifuate.

Utando huo unawekwa juu ya kidonda, haushonwi. Unapitisha hewa na unyevu kidogo, unazuia uchafu, na kwa kuwa unaona ndani, muuguzi hahitaji kuubandua kila asubuhi ili aangalie. Ndani ya fibroini kuna sehemu ngumu zilizopangana kama matofali na sehemu laini katikati. Chembe za ngozi zinaukubali, zinatambaa juu yake, na mwili unaumeng'enya polepole bila haraka. Mwaka 2017 watafiti wa Uchina walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wagonjwa 71 waliotolewa vipande vya ngozi ya kupandikiza: waliofunikwa utando wa hariri walipona kwa wastani wa siku karibu 10, na waliofunikwa bandeji ya kisasa ya kawaida kwa siku 11 na kitu. Siku moja na nusu! Wengine watasema ni kidogo. Sisi tunasema tusiikuze wala tusiidharau. Halikuwa jaribio la nyuso, na wagonjwa 71 si wengi. Lakini kwa uso, kila siku kidonda kinapokaa wazi kinaongeza hatari ya kovu.

Tuseme na hili, ambalo ni kubwa kuliko hariri yenyewe. Kwetu kila mtu anasemaka: «Acha kidonda kikauke.» Tunakianika juani, tunakifukiza, tunafurahi kuona gamba gumu. Mwaka 1962 George Winter, Mwingereza, alifanya majaribio kwa nguruwe na kuonyesha kwamba kidonda kisichokuwa kirefu, kikifunikwa na utando wa plastiki na kubaki na unyevu, kinajenga ngozi mpya karibu mara mbili ya kile kilichoachwa kikauke. Chini ya gamba, ngozi mpya inalazimika kuchimba njia. Penye unyevu msafi inateleza tu. Basi yule mama aliyebandika kile cheupe cha buibui juu ya mkato wa mtoto alikuwa karibu na Winter kuliko yule aliyekianika juani. Kilichomkosesha ni usafi. Na kwa asiyeweza kupata hariri ya maabara, mwaka 2003 madaktari wa Mumbai, India, waliandika juu ya majani ya ndizi yaliyosafishwa kwa mvuke wa moto mkali, wakiyafunika juu ya vidonda vya kuungua na vya kuchunwa ngozi. Hayagandi na kidonda, hayaumizi yakitolewa, na bei yake ni ndogo mno. Ndizi kwetu si kitu cha kutafuta.

Hata buibui hawakusahauliwa. Katika hospitali ya chuo cha Hannover, Ujerumani, kikundi cha Peter Vogt kilivuta uzi kutoka kwa buibui wakubwa wa jamii ya Nephila, wakiwa hai, na kuujaribu katika kuunga neva na kukuza ngozi. Tatizo ni kwamba buibui hawafugiki pamoja, wanakulana. Nchini Madagascar watu wawili, Simon Peers na Nicholas Godley, walitengeneza vazi moja la rangi ya dhahabu kwa uzi wa buibui, lililoonyeshwa London mwaka 2012, na walihitaji buibui zaidi ya milioni moja. Vazi moja! Ndiyo maana watafiti wengi wanarudi kwa kiwavi.

Na kiwavi, ndugu zetu, wa mwituni yupo. Barani Afrika kuna viwavi wa jamii ya Anaphe ambao hawajengi kifukofuko kila mmoja peke yake, bali wanakusanyika kwa mamia na kujenga kiota kimoja cha rangi ya kahawia, kikubwa kama kichwa cha mtoto au zaidi, ndani yake kila mmoja na chumba chake. Kwa Wayoruba wa Nigeria hariri hiyo ya mwitu ilifumwa tangu zamani kuwa vazi la heshima. Kule Kenya, watafiti wa taasisi ya wadudu ya icipe, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, walichunguza Anaphe panda katika msitu wa Kakamega katika miaka ya 2000, pamoja na wanavijiji, ili kiota kiuzwe na mti usikatwe. Mti anaoupenda kiwavi huyo, ambao wataalamu wanauita Bridelia micrantha, unaota pia katika nchi yetu. Na sehemu nyingi za Kongo viwavi wa Anaphe wanajulikana sana, lakini kama mboga. Tunachukua mnyama, tunatupa nyumba yake. (Kwa aside tu: kule Nigeria, watu maskini waliowala kwa wingi wakati wa msimu bila chakula kingine walipatwa na ugonjwa wa kupepesuka, kwa sababu kiwavi huyo anaharibu vitamini B1 mwilini. Wapikwe vizuri, na wasiwe chakula cha pekee.)

Tusije tukasomeka vibaya. Hatusemi kijana apande mtini kesho, achukue kiota na kukiweka kwenye kidonda cha mdogo wake. Kiota cha mwitu kina vinyweleo vinavyowasha ngozi na macho vibaya sana. Ukivigusa utakumbuka wiki nzima. Tena kina gundi, vumbi na kinyesi cha viwavi, na fibroini yake haiyeyuki kirahisi kama ya kiwavi wa mforosadi. Kati ya kiota mtini na utando safi ndani ya pakiti kuna umeme wa kudumu, maji safi, kemia na watu waliosoma. Baraka hatuna hayo, na umeme wenyewe tunaujua. Wala hatutaki mradi mwingine unaokuja na gari nyeupe, unapiga picha, unaita wazee kwenye semina, na kutoweka na viota vyetu na majina yetu.

Tunachotaka ni kidogo zaidi, na chama hiki kinaweza kukifanya bila kungoja mtu. Katika daftari la maneno ya Kibembe ambalo vijana wameanza kulijaza, sehemu ya samaki imejaa, sehemu ya miti iko nusu, na sehemu ya wadudu ina maneno machache mno. Wazee wa Ngandja, Lulenge, Mutambala na Tanganyika, hasa akina mama, wanajua majina ya buibui wa ukutani na wa porini, ya viwavi wanaolala pamoja, ya miti wanayoipenda na ya mwezi wanaposhuka. Wanajua pia majina ya makovu: lililonyanyuka, lililoingia ndani, la kuungua, la chanjo. Kila mwaka tunazika wachache wao. Anayemjua mzee wa namna hiyo amwandikie maneno hayo kwenye karatasi, pamoja na kijiji chake na namna yanavyotumiwa, na kuyaleta kabla ya mvua kubwa, wakati barabara ya Fizi bado inapitika.